Insha au kuchagua? Majibu kwa wanaotunga na wanaofanya mitihani ya udaktari

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja: mitihani ya kuandika katika vyuo vya udaktari. Nimefundisha uzazi na magonjwa ya wanawake kwa miaka mingi, na hata sasa nikiwa mstaafu bado naitwa kukaa kwenye kamati za kupitia maswali kabla hayajachapwa. Naliona jambo hili zito. Karatasi ya mtihani ndiyo inayoamua nani atapewa koti jeupe na kuachwa peke yake zamu ya usiku. Barua nimezifupisha, na majina ya vyuo nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja Kanda ya Ziwa. Nimepewa kazi ya kutunga mtihani wa kuandika wa mwisho wa mzunguko wa mafunzo katika idara ya uzazi, wanafunzi 120 wa mwaka wa nne. Wakubwa wangu wawili hawaelewani. Mmoja anasema bila insha tano hatujapima kitu, kwani maswali ya kuchagua ni ya kubahatisha. Mwingine anataka maswali 100 ya kuchagua, yasahihishwe kwa mashine, yaishe. Mimi niko katikati na sitaki kumvunjia heshima yeyote. Nichague lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wakubwa wako wanabishania jibu liandikwe wapi, kabla hawajakubaliana kinaulizwa nini. Anzia huko kwenye kinachoulizwa, na utaona ubishi wenyewe unapungua.

Chukua insha ya "Jadili kifafa cha mimba." Mwanafunzi aliyekariri daftari lake atakuandikia kurasa tatu: maana ya ugonjwa, walio hatarini, dalili, vipimo, matibabu, madhara. Atapata alama nzuri, na katika kurasa zote tatu hakuna mahali alipofanya uamuzi wowote. Sasa chukua swali la kuchagua kuhusu magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba: "Dawa inayotumika dhidi ya sumu ya magnesiamu salfeti ni ipi?" Atachagua kalsiamu glukoneti, naye huyu hajaamua lolote. Maswali hayo mawili yana maumbo tofauti kabisa, lakini yote yanapima kumbukumbu.

Linganisha na hili. Mama wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki ya 36, alipata degedege nyumbani. Alipewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, na sasa saa nne zimepita, muda wa dozi inayofuata umefika. Presha ni 150/100. Anapumua mara 18 kwa dakika. Ukigonga goti, mguu hauruki. Tangu dozi ya kwanza mkojo uliokusanywa ni mililita 60. Ufanye nini sasa? Majibu: (A) mpe dozi yake kamili ya gramu 5, (B) mpe nusu ya dozi, (C) isimamishe dozi hii na uendelee kumfuatilia kwa karibu, (D) mpe kalsiamu glukoneti gramu 1 mara moja, (E) mpe diazepamu badala ya magnesiamu.

Jibu ni C. Refleksi ya goti imepotea, na mkojo uko chini ya mililita 30 kwa saa, kwa hiyo dawa inajikusanya mwilini na dozi haitolewi. Lakini anapumua vizuri, hivyo haijafika hatua ya kalsiamu. Atakayechagua A anafuata saa ya ukutani badala ya mgonjwa. Atakayechagua D amekariri kwamba kalsiamu huenda na magnesiamu lakini hakusoma pumzi. Kila jibu lisilo sahihi linanieleza mwanafunzi huyo alikwama wapi. Sasa futa hizo herufi tano, mwachie mistari miwili aandike mwenyewe: swali linabaki zuri vilevile. Cees van der Vleuten na Lambert Schuwirth, waliofanya kazi Maastricht, Uholanzi, na ambao wameandika sana juu ya mitihani ya udaktari, wamelisisitiza hili: kinachoulizwa kina uzito kuliko namna ya kujibu.

Hoja ya pili mpelekee mzee wa insha, kwa upole. Insha tano ni mada tano. Kozi ya uzazi ina mada ngapi? Kutokwa damu kabla na baada ya kujifungua, uchungu uliokwama, mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, upungufu wa damu, maambukizi, mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, uzazi wa mpango, na kadhalika. Mwaka 1978 Arthur Elstein na wenzake wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba daktari kufaulu kutatua tatizo la mgonjwa mmoja hakutabiri vizuri kama atafaulu kwa mgonjwa mwingine mwenye tatizo tofauti. Ujuzi wa kitabibu unakwenda na kisa. Hivyo kwa mada tano, aliyebahatika kusoma hizo tano anapita, na aliyesoma thelathini akakosa mbili kati ya zako anapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Mzee anaogopa kubahatisha kwenye maswali ya kuchagua, na anaogopa kwa haki. Bahati hiyo nyingine, ya mada gani imetoka, haonekani kuihofia, nayo ni kubwa zaidi.

Hoja ya tatu ni usahihishaji. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott waliwapelekea walimu wa sekondari huko Marekani karatasi ileile ya mwanafunzi wa Kiingereza. Walimu zaidi ya 100 waliisahihisha, na alama zikatoka kuanzia 64 hadi 98. Karatasi moja! Mwaka uliofuata wakajaribu jiometri, ambako mtu angetegemea makubaliano, na tofauti ikawa kubwa zaidi. Halafu piga hesabu yako mwenyewe: wanafunzi 120 mara insha tano ni insha 600. Kwa dakika sita kila moja ni saa 60 za kusahihisha, na wewe una kliniki, zamu na upasuaji. Insha ya 580 itasomwa usiku na mtu aliyechoka. Mwanafunzi aliyeiandika hana kosa lolote.

Usije ukadhani nasema insha itupwe. Kuna mambo ambayo ukimpa mwanafunzi orodha ya majibu umeshamsaidia. Mfano ninaoupenda ni wa wenzetu wa idara ya watoto. Mtoto wa kilo 14 ana malaria kali. Andika dozi ya artesuneti ya sindano. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, hivyo ni miligramu 42. Aliyesahau na kutumia 2.4 ya watu wazima atapata 33.6, na hilo unaweza kuliweka kwenye orodha likamnasa. Lakini aliyekosea nukta akapata 420 hataliona jibu lake kati ya A na E. Atashtuka, atarudia hesabu, atapata alama. Wodini hakuna orodha ya kumshtua. Kwa hiyo dozi, hesabu za dripu na maagizo kwa muuguzi, acha ayaandike mwenyewe.

Na kuna kitu kimoja cha kuandika kwa urefu ambacho ningekipigania mbele ya kamati yoyote: barua ya rufaa. Mpe kisa. Uko kituo cha afya, mama amejifungua saa moja iliyopita, kondo la nyuma halijatoka, anavuja damu, gari la wagonjwa limefika. Iandikie hospitali ya wilaya. Unatafuta humo damu iliyopotea inakadiriwa kiasi gani, mapigo na presha na saa vilipopimwa, kama alipewa yuniti 10 za oksitosini na saa ngapi, mishipa mingapi imewekewa dripu, kama kibofu kimetolewa mkojo, kama kondo lilijaribiwa kuvutwa, na saa ya kuondoka. Hiyo ni kazi anayokwenda kuifanya kweli mwaka kesho. Mwongozo wa usahihishaji unaandikika kwa mistari, na wasahihishaji wawili watakaribiana. Ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya barua hiyo na "Jadili kutokwa damu baada ya kujifungua," sihitaji hata kufikiri.

Basi ningekuwa wewe ningepeleka kwenye kikao karatasi ya saa tatu. Maswali 60 ya jibu moja bora, yote yakianza na mgonjwa, dakika 90. Seti mbili za kuoanisha zenye orodha ndefu, visa vitano kila moja, robo saa (nazieleza kwenye barua ya tatu hapa chini). Maswali matano ya majibu mafupi, nusu saa. Barua moja ya rufaa, nusu saa. Zinabaki dakika 15 za kupitia. Kusahihisha kwa mkono kunashuka hadi kama saa 20, na mnaweza kugawana: mtu mmoja asahihishe swali lilelile kwa wanafunzi wote, majina yakiwa yamefunikwa. Msigawane kwa mafungu ya wanafunzi, maana hapo aliyeangukia kwa mkali anaonewa.

Kwenye utungaji wenyewe nina mambo machache ninayoyasimamia bila kuchoka. Funika majibu kwa mkono, soma shina la swali, yaani maelezo yanayotangulia majibu. Kama mtu anayejua hawezi kujibu bila kuona orodha, shina halijakamilika. Ondoa "yote hapo juu" na "hakuna kati ya hayo." Swali la "isipokuwa" liache, linapima macho. Angalia jibu sahihi lisiwe ndilo refu kuliko yote, kwa sababu watunzi huwa tunalipamba ili lisipingwe, na wanafunzi wanalijua hilo kuliko sisi. Wala usihangaike kufikisha majibu matano kama huna vipotoshi vinne vya kweli, yaani majibu yasiyo sahihi yanayoweza kumvuta asiyejua. Michael Rodriguez alikusanya utafiti wa miaka 80 na mwaka 2005 akaonyesha kwamba matatu yanatosha. Vipotoshi vizuri hupatikana wodini. Kila mwanafunzi anapokujibu vibaya kwenye raundi, andika alichosema kwenye daftari, maana hakuna mtunzi anayeweza kubuni kosa zuri kama lile ambalo mtu amelikosea kweli.

Kuhusu wakubwa zako: waombe wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakusaidie kutunga. Mzee wa insha mwombe visa kutoka miaka yake ya wodini. Anavyo vingi, na ndivyo vitakavyofanya maswali yako ya kuchagua yawe na uhai. Yule wa mashine mwombe ahesabu gharama na muda. Van der Vleuten mwaka 1996 alipendekeza mtihani upimwe kwa mambo matano: alama zinategemeka kiasi gani, unapima kilichokusudiwa au la, unawafanya wanafunzi wasome nini, wahusika wanaukubali au la, na gharama. Akasema ni ya kuzidisha, wala si ya kujumlisha. Moja likiwa sifuri, mtihani wote ni sifuri. Kila mmoja wa wakubwa wako ameshika moja au mawili kati ya hayo matano, na ameyashika kwa dhati.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Dodoma. Somo moja wanatupa maswali ya kweli au si kweli, na ukikosa unakatwa alama. Rafiki yangu ni msomaji mzuri kuliko mimi, lakini aliacha maswali mengi wazi kwa woga akapata sapu. Mimi nilijibu yote, nikapita. Je, hii ni haki?

JIBU: Si haki, na naandika hivi nikijua baadhi ya wenzangu watakasirika. Huo mtihani umepima ujasiri pamoja na elimu, kisha umevichanganya kwenye alama moja ambayo hakuna anayeweza kuitenganisha.

Maswali ya kweli au si kweli yana matatizo yake hata bila adhabu. Anayebahatisha ana nafasi ya nusu kwa nusu. Kauli ikiwa si kweli, mwanafunzi anayeikataa amekuonyesha anajua kwamba siyo, lakini hajakuonyesha kama anajua ipi ndiyo. Kubwa zaidi, tiba ina kauli chache sana zilizo kweli moja kwa moja. "Upungufu wa damu kwa mjamzito husababishwa na minyoo": kweli au si kweli? Mara nyingine ndiyo, mara nyingi kuna mengine, na inategemea anaishi wapi. Mwanafunzi anayejua sana ndiye atakayesita hapo. Aliyesoma kijuujuu atajibu haraka na kuendelea. Ili kukwepa utata, watunzi huishia kuuliza vitu vidogo visivyo na ubishi, na matokeo yake mtaala mzima unageuka kuwa wa vitu vidogo. Vyuo vingi vya kitaalamu vya madaktari Uingereza, vilivyotumia mtindo huu kwa muda mrefu, vimehamia kwenye jibu moja bora.

Wanaotetea adhabu husema inazuia kubahatisha. Njia iliyo wazi zaidi ni kupanga alama ya kufaulu kwa kuzingatia kwamba kubahatisha kupo. Walimu wakae, walitazame kila swali, wamfikirie mwanafunzi aliye mpakani kabisa mwa kufaulu, waulizane: kati ya wanafunzi 100 wa namna hiyo, wangapi watalipata hili? Wastani wa makadirio hayo ndio unaokuwa alama ya kufaulu. Njia hiyo inaitwa kwa jina la William Angoff, aliyeigusia mwaka 1971, na inatumika sana katika mitihani ya udaktari duniani.

Lakini mtihani wenu ujao uko mlangoni, na kamati haitabadilika kabla ya hapo, kwa hiyo mpe rafiki yako hesabu hii. Ukipata unapewa 1, ukikosa unakatwa 1. Kama una uhakika wa asilimia 60 tu, ukijibu maswali kumi ya namna hiyo utapata sita na kukosa manne: umeongeza alama mbili. Ukiyaacha wazi umeongeza sifuri. Kwenye swali la majibu matano lenye adhabu ya robo alama, anayebahatisha gizani hapati wala hapotezi kwa wastani, lakini akiweza kufuta jibu moja tu kwa uhakika, kujibu kunamlipa. Msomaji mzuri karibu kila mara anaweza kufuta angalau moja. Mwambie ajibu.

SWALI: Mheshimiwa Daktari, mimi ni mzazi, mstaafu, Morogoro. Binti yangu anasomea udaktari. Likizo namwona anakariri maswali ya miaka iliyopita yanayotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, herufi kwa herufi: 12 ni B, 13 ni E. Namlipia ada kwa shida. Mimi nikienda hospitali sipeleki ugonjwa wenye A hadi E. Mnatuandalia madaktari wa namna gani?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo kamati nyingi zinalikwepa.

Wanafunzi husoma kile kinachoulizwa, na hilo halibadiliki kwa mahubiri. Binti yako si mvivu. Amegundua kwamba maswali yanarudiwa, akafanya kilicho cha busara kwake. Lawama ziende kwa chuo kinachotoa maswali yaleyale kila mwaka. Dawa ni benki ya maswali iliyo kubwa, inayoongezwa kila mzunguko, na visa vinavyobadilishwa: mgonjwa yuleyule, lakini safari hii anapumua mara 9 kwa dakika badala ya 18. Aliyekariri herufi atakosa. Aliyeelewa atajua kwamba sasa mgonjwa asaidiwe kupumua na apewe kalsiamu.

Kuhusu wagonjwa kutokuja na A hadi E, una haki, na kuna namna za kuuliza zilizobuniwa kwa ajili ya wasiwasi huohuo. Moja ni ile ya kuoanisha yenye orodha ndefu, iliyoenezwa na Susan Case na David Swanson wa bodi ya mitihani ya udaktari ya Marekani. Mwanafunzi hupewa orodha ya magonjwa kumi, kumi na tano au zaidi ya upungufu wa damu kwa mtoto: malaria, selimundu, minyoo ya safura, ukosefu wa madini ya chuma, saratani ya damu, na mengineyo. Kisha visa vinakuja. Mtoto wa miaka minne ana macho ya manjano na mifupa inamuuma. Mama anasema alipokuwa na miezi tisa vidole vya mikono na miguu vilivimba vyote. Mtoto wa miaka saba, anacheza pekupeku shambani, amepauka taratibu kwa miezi, anaendelea kucheza. Wa kwanza ni selimundu, wa pili anaelekea kwenye safura. Kwa orodha ndefu hivyo kubahatisha hakusaidii sana, na ni lazima alete ugonjwa kichwani mwake kwanza ndipo autafute.

Nyingine ilitoka Kanada, kazi ya Georges Bordage na Gordon Page katika miaka ya 1980. Wao walisema kila kisa kina mahali pawili au patatu ambapo madaktari hukosea, na hapo ndipo pa kuuliza. Pengine pote paruke. Kwa mama wa kifafa cha mimba, hakuna sababu ya kumuuliza mwanafunzi maana ya presha. Muulize kabla ya dozi ya pili ataangalia nini. Swali linakuwa fupi, na katika saa mbili unapita wagonjwa wengi.

Hata hivyo, mzee wangu, karatasi ina mwisho wake. Mwaka 1990 George Miller, Mmarekani, alizipanga ngazi nne: anajua, anajua namna ya kufanya, anaonyesha kwa vitendo, na anafanya kazini. Maandishi hayavuki ngazi ya pili, hata yatungwe na nani. Ngazi ya tatu hupimwa kwa mtihani wa vituo, ule wanafunzi wanaouita oski, ambao Ronald Harden na wenzake waliutangaza Dundee, Scotland, mwaka 1975: mwanafunzi anazunguka kituo hadi kituo, hapa anachukua historia, pale anampima mtu, kwingine anafufua mtoto wa plastiki, na msimamizi anatazama. Ngazi ya nne ni wodini, machoni pa anayemfundisha, kila siku. Muulize binti yako amesimama mara ngapi kando ya kitanda mwalimu akimtazama anavyopima mgonjwa. Jibu lake litakuambia mengi kuhusu chuo, kuliko matokeo yake ya karatasi. Na hayo maswali ya WhatsApp asiyatupe. Mwambie kila swali aeleze kwa nini zile herufi nyingine si jibu. Akiweza hilo, anasoma.

SWALI: Salaam Daktari. Nafundisha maafisa wa kliniki, Pwani ya Kenya. Wanafunzi wangu huandika jambo sahihi kwa Kiingereza kilichopinda. Mwenzangu huwakata alama. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaikum salaam, mwalimu mwenzangu. Usiwakate, ila pale ambapo lugha imebadilisha maana ya tiba. Aliyeandika vibaya umoja na wingi hajamdhuru mtu. Aliyesahau neno la kukanusha kwenye "mgonjwa hana mzio wa penisilini," au aliyeweka nukta mahali pasipo, amedhuru, na hapo alama ziondoke zote. Hilo liandikwe kwenye mwongozo kabla ya kusahihisha, lisitegemee hasira ya siku hiyo. Na sisi watunzi tuandike mashina kwa sentensi fupi. Nimeona maswali ambayo nusu ya ugumu wake ilikuwa sarufi ya mtunzi. Kisha, kwa kuwa wagonjwa wenu wengi huko huzungumza Kiswahili, wekeni kituo cha oski ambapo mwanafunzi anamweleza mama kwa Kiswahili kwa nini anahitaji kulazwa. Wapo wanaoandika vizuri sana Kiingereza wanaokwama hapo, na mama akaondoka na mtoto wake bila kuelewa.

SWALI: Shikamoo. Ni yule wa insha na kuchagua, nimeandika tena. Mtihani ukishafanyika nitajuaje kama swali lilikuwa baya?

JIBU: Marahaba. Afadhali umeuliza mapema, kabla ya matokeo kubandikwa.

Panga karatasi zako 120 kwa jumla ya alama. Chukua 30 za juu na 30 za chini. Kwa kila swali hesabu wangapi katika kila kundi walipata. Swali zuri hupatwa zaidi na kundi la juu. Likipatwa na wote 60 au kukoswa na wote 60, halijakutenganishia mtu, ingawa la kupatwa na wote unaweza kulibakiza kama ni jambo la uhai na kifo ambalo hutaki yeyote alikose. Hofu iwe pale ambapo, kwa mfano, wa juu wamepata 7 na wa chini 19. Kwanza tazama ufunguo wa majibu. Mara nyingi herufi imeandikwa vibaya. Ufunguo ukiwa sawa, tazama wa juu wengi wamechagua nini, kisha mwite mwenzako asome swali bila kumwonyesha jibu. Pengine kuna majibu mawili yanayoteteka. Pengine mwongozo wa matibabu umebadilika, wodini wanafundishwa kipya na wewe umetunga kwa daftari la zamani. Majibu mawili yakiteteka, yakubali yote mawili. Kama swali limeharibika kabisa, liondoe kwa wanafunzi wote 120 na ukokotoe upya juu ya maswali 59 yaliyobaki. Usiliondoe kwa waliolalamika peke yao.

Baada ya hapo, kila swali liwe na kadi yake au mstari wake kwenye kompyuta: mwaka, kundi la juu wangapi, kundi la chini wangapi, kipotoshi gani hakikuchaguliwa na mtu hata mmoja. Hicho kibadilishe kabla swali halijarudi kwenye benki.